Mafuta ya jero na kodi ya miezi sita

Jumamosi moja mwaka jana nilichukua lile bomba la sindano tunalomnyweshea mtoto dawa ya homa, nikaanza kupima mafuta ya kula. Nilikuwa nimetoka dukani kwa Mangi na mafuta ya jero, yaani ya Sh500, yale anayoyachota kwa kikombe kidogo cha bati na kukumiminia kwenye chupa uliyokwenda nayo. Niliyavuta mililita kumi kumi huku nahesabu kwa sauti, wanangu wamesimama mlangoni wakinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Zikatoka mililita 62. Kwa hesabu hiyo, lita moja ya mafuta yale ilinigharimu zaidi ya Sh8,000. Siku hiyohiyo, katika duka hilohilo, rafu ya juu kulikuwa na kidumu cha lita tano kwa Sh30,000, yaani Sh6,000 kwa lita.

Nyumba yetu ina watu watano na inakula kama lita nne kwa mwezi. Tofauti ya Sh2,000 kwa kila lita inafika karibu laki moja kwa mwaka. Mafuta peke yake. Bado sukari ya robo, mkaa wa kopo, sabuni ya kipande na majani ya chai ya kifuko.

Simlaumu Mangi. Yeye naye ananunua, anabeba, anafungua duka saa kumi na mbili asubuhi na kulifunga saa nne usiku, na lile daftari lake la madeni lina kurasa zenye majina yetu sote. Anachoniuzia si mafuta tu. Ananiuzia nafasi ya kutoa Sh500 leo badala ya Sh30,000, na ile elfu mbili ya juu ni riba ambayo haijaandikwa popote. Aliyesema haba na haba hujaza kibaba alikuwa anaweka. Anayenunua haba na haba, kibaba kinachojaa ni cha mwenye duka.

Naanza na mafuta kwa sababu nimechoka na ushauri wa kubana matumizi unaosambazwa kila ikifika Desemba. Acha soda. Punguza bando. Pika nyumbani, usile mgahawani. Ni ushauri wa mtu mwenye soda ya kuacha. Kaya nyingi za kipato cha chini zilishabana kila kinachobanika kwenye orodha ya vitu, tena zamani, kabla hata hayajaja maneno ya vyuma kukaza. Baada ya vita vya Kagera, Mwalimu Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mkanda kwa miezi 18, na wazee wetu mpaka leo wanatania kwamba miezi hiyo haijaisha. Mkanda umeshafika tundu la mwisho. Kilichobaki ni tarehe: lini pesa inaingia, lini inatakiwa, na nani analipwa kwa sababu hizo siku mbili hazikutani.

Tupige hesabu ya mwaka mzima kwa mshahara unaojulikana. Julai 2025 kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kilipanda kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 kwa mwezi. Toa asilimia 5 ya mfuko wa pensheni, asilimia 3 ya bima ya afya na kodi ya mapato ya kama Sh16,400, mkononi inabaki Sh443,600. Kwa mwaka ni Sh5,323,200. Nimechukua mshahara huu kwa sababu una tarehe na kiwango, na tuseme mwenye nao hana makato ya mkopo. Mama lishe, fundi na dereva wa bodaboda hawana hata hiyo tarehe, kwa hiyo kila nitakalosema hapa kwao ni zaidi.

Sasa toa nauli. Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa Desemba 2023 kutoka Sh500 hadi Sh600. Anayepanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, siku 22 za kazi, anatumia Sh52,800 kwa mwezi, Sh633,600 kwa mwaka. Ile mia moja iliyoongezeka, ambayo siku ilipotangazwa tuliambiwa ni mia tu, kwa mwaka ni Sh105,600. Kisha toa kodi ya nyumba. Nachukua yetu sisi, vyumba viwili Mbagala, Sh80,000 kwa mwezi, Sh960,000 kwa mwaka. Zinabaki Sh3,729,600, ambazo ukizigawa kwa siku 365 unapata kama Sh10,200 kwa siku kwa watu watano: chakula, mkaa au gesi, maji, umeme, sabuni, shule, hospitali, na kila simu ya kutoka kijijini.

Elfu kumi na mia mbili kwa siku ni kidogo, lakini ni pesa ambayo mama yeyote wa uswahilini anajua kuipika. Dagaa leo, maharage kesho, mchicha keshokutwa, nyama Jumapili ya pili. Ukiitazama hesabu hiyo kwa mwaka unaweza kusema maisha ni magumu ila yanakwenda. Na hapo ndipo hesabu ya mwaka inapodanganya, kwa sababu mwaka hauji kwa siku 365 zinazolingana. Unakuja na Januari.

Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Miezi sita ni Sh480,000. Kodi peke yake inauzidi mshahara mzima wa mwezi kwa Sh36,400, kabla hujapanda daladala wala kununua unga. Mwezi huohuo shule zinafunguliwa. Ada ya shule ya msingi ya serikali ilifutwa zamani, ya sekondari mpaka kidato cha nne ikafutwa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na cha sita ikafuata mwaka 2022. Ni jambo kubwa na sitaki kulibeza. Bila hilo mdogo wangu asingemaliza. Lakini sare haijafutwa, viatu havijafutwa, madaftari hayajafutwa, na mchango wa uji na wa mlinzi una namna yake ya kurudi kwa jina jipya. Halafu kuna kituko cha mshahara wa Desemba. Ukiingia mapema kabla ya Krismasi watu wanashangilia, bila kuhesabu kwamba kutoka hapo mpaka wa Januari ni zaidi ya wiki tano. Wakenya wameupa mwezi huo jina, Njaanuari, na hakuna aliyewauliza maana yake.

Kwa nyumba za Waislamu kalenda inakuja na jambo lingine ambalo sijasikia likijadiliwa. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Mwaka 2028, kutegemea mwandamo, itaanza mwishoni mwa Januari, 2029 katikati ya Januari, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa futari, nguo za Idi, sare za shule na kodi ya nyumba vitasimama kwenye mlango mmoja. Nilimweleza jirani yangu, bibi mmoja anayeuza vitumbua, akanyamaza kidogo kisha akauliza kama na bei ya sukari nayo itapanda mara mbili.

Mtu akishafika kwenye mlango huo bila pesa, hakosi pa kuipata. Kuna mikopo ya haraka ya kurejesha kila siku. Mtaani tunaiita kausha damu, na jina limetoka kwa waliokaushwa. Jirani mwingine alichukua Sh200,000 Januari moja, kwa masharti ya kurejesha Sh10,000 kila siku kwa siku 26. Jumla Sh260,000. Ukiisoma haraka unasema ni riba ya asilimia 30, kubwa lakini imeisha. Ila kumbuka anaanza kurejesha kesho yake. Wiki ya tatu ameshabaki na kama robo tu ya deni mkononi mwake, na bado analipa kana kwamba laki mbili zote anazo. Na Sh10,000 kwa siku ni karibu sawasawa na ile Sh10,200 tuliyoikokotoa, ya kulisha watu watano. Kwa siku 26 alikuwa analisha deni, watoto wanakula kwa jamaa. Alimaliza, sofa lake lilibaki. Wa nyumba ya pili lilibebwa mchana kweupe juu ya toyo.

Kwa hiyo ninaposema bajeti ya mwaka inavunjwa na kalenda, namaanisha jambo la kuhesabika. Mtu huyu hakupungukiwa kwa mwaka. Alipungukiwa kwa wiki tatu, na zile wiki tatu zikamtoza Sh60,000, ambazo ni karibu miezi minane ya ile hasara ya mafuta ya jero.

Serikali inaijua hesabu hii vizuri kuliko inavyokiri. Kodi ya majengo ilikuwa ikidaiwa kwa mwaka na wengi hawalipi. Mwaka 2021 ikahamishiwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: Sh12,000 za nyumba ya kawaida zikagawanywa Sh1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni Sh1,500. Tulilalamika, na haki tulikuwa nayo, maana anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji na jengo si lake. Lakini angalia ufundi wake. Waliokuwa hawatoi elfu kumi na mbili kwa mkupuo wakaanza kutoa elfu moja moja bila hata kukumbuka. Serikali ilipotaka kukusanya iligawanya.

Zamu ya kutoa ikifika, ugawaji unasahaulika. Toto Afya Kadi, bima ya mtoto ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilikuwa Sh50,400 kwa mwaka. Igawanye: Sh138 kwa siku, haifiki hata bei ya andazi. Ila ililipwa yote kwa pamoja, na mwenye watoto watatu alitakiwa kuwa na Sh151,200 siku moja. Matokeo yake wengi walikimbilia kuikata pale mtoto alipokuwa tayari ameugua, na mfuko ukaelemewa, mpaka mwaka 2023 utaratibu ukabadilishwa na watoto wakaelekezwa kujiunga kupitia shule. Yalisemwa mengi kuhusu wazazi wasiojali. Mimi nadhani sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa mkupuo.

Na umeme nao. Anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi yuko kwenye daraja la Sh100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akizidisha anahamishwa daraja la Sh292. Kwa Sh10,000 wa kwanza anapata karibu uniti 82, wa pili 28. Daraja la chini liliwekwa kwa ajili ya mnyonge. Ila mnyonge wa mjini hakai peke yake na mita yake. Anakaa nyumba ya vyumba sita, mita moja, na wapangaji sita hata wakiwasha taa tu na pasi ya Jumapili, uniti 75 zinaisha kabla mwezi haujafika kona. Kwa hiyo mwenye nyumba ndogo ya peke yake na friji moja anaweza kulipa mia, na mama wa chumba kimoja mwenye taa mbili akalipa mia mbili tisini na mbili. Sioni mwanasiasa akilisema hili, labda kwa sababu mita ina jina la mwenye nyumba na wapangaji hawaonekani popote.

Nirudi kwenye kubana. Kuna eneo moja ambalo kila mshauri analitaja na karibu kila mmoja analikosea, nalo ni michango. Mwaka 2015, Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba, akaagiza watu wafanye usafi, na Sh4 bilioni za sherehe zikaelekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Morocco hadi Mwenge. Nchi nzima ilipiga makofi. Tangu hapo imebaki picha kichwani kwamba kubana matumizi ni kufuta sherehe. Serikali inaweza. Nyumba ikifuta, inafuta na watu.

Ila msiba na harusi havifanani, na hapa ndipo natofautiana na mume wangu, ambaye yeye anaviweka kwenye fungu moja la kaunta buku na kuviita "kero". Harusi siku hizi ina kamati, ina mwenyekiti na mhazini, ina kundi la WhatsApp ambalo umeingizwa bila kuulizwa, na ina kadi zenye madaraja: single elfu hamsini, double laki. Jina lako linawekwa kwenye orodha, mbele yake ahadi, mbele yake tena kiasi ulichopunguza, na kila asubuhi mhazini anairudia orodha ile ili kila mtu aone nani bado hajatoa. Sehemu kubwa ya pesa hiyo inakwenda ukumbini, kwa mpambaji na kwa mtu wa video. Hapo mimi nabana bila haya. Naandika "nitashiriki kwa sala", napeleka kanga na elfu kumi siku ya kitchen party ya mtu wangu wa karibu, basi. Mara mbili nimenuniwa. Nimeokoa zaidi ya walivyonuna.

Msiba hapana. Rambirambi ya elfu tano, sufuria la chai, usiku mmoja wa kulala chini kwenye mkeka, hiyo ndiyo bima pekee ambayo nyumba nyingi zinayo, na malipo yake hayana mkupuo. Alipofariki baba mkwe tulisafirisha mwili hadi Lindi kwa pesa ambayo sisi wawili tusingeikusanya hata kwa miezi minne. Ilikusanywa kwa siku mbili, kwenye karatasi ya daftari la mtoto, elfu mbili, elfu tano, elfu kumi. Niliihifadhi ile karatasi. Nilipoisoma baadaye niliona majina ya watu ambao misiba yao sisi tuliwahi kufika, na, kwa aibu, majina manne ambayo hatukuwahi. Mtu anayekushauri uokoe kwa kukata rambirambi anakushauri ufute bima ili upate hela ya vocha.

Turudi jikoni, maana huko ndiko kuna faida inayopimika. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini yanavunwa kati ya Juni na Agosti, mpunga wa Kilombero na Mbarali unashuka sokoni kuanzia Mei hadi Julai. Miezi hiyo ndiyo bei inalala. Kuanzia Januari hadi Machi, ghala zikikauka na mashamba bado mabichi, inasimama. Yaani mwezi wa kodi na sare ndio mwezi ambao unga nao uko juu. Anayenunua gunia Julai anakwepa vyote viwili: bei ya kupima na bei ya Januari. Hakuna anayebishana na hilo. Swali ni pesa ya gunia inatoka wapi Julai, wakati nayo ni mwezi wa kodi ya pili.

Kwetu ilitoka kwenye mchezo. Tuko wanawake kumi, kila mmoja anatoa Sh20,000 kwa mwezi, kijumbe anakusanya, na kila mwezi mmoja anapokea laki mbili nzima. Hakuna riba wala faida, na benki ikiutazama itasema ni pesa iliyolala. Lakini ndiyo kazi yake: inageuza elfu ishirini zinazopotea kuwa laki mbili zenye tarehe. Ujanja wote uko kwenye zamu. Wa kwanza kupokea amekopeshwa bure, wa mwisho ameweka akiba bure, na ugomvi wa kweli wa kikundi chetu kila mwaka si nani hajatoa, ni nani apewe Julai na nani apewe Desemba. Kikoba kina faida juu yake, kuna hisa na mkopo na kuvunja mzunguko mwisho wa mwaka, ila kina vikao virefu, na tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 kinatakiwa kusajiliwa. Mchezo hauna katiba. Una kijumbe, na kijumbe wetu akikupigia mara ya tatu unatoa.

Sasa nikiri. Mwaka wa kwanza gunia letu la mahindi lilibunguliwa. Nililiweka kwenye kona ya chumba, kwenye mfuko uleule wa salfeti niliolinunulia, na kufika Oktoba ulikuwa ukilisogeza unga unamwagika wenyewe. Dumuzi. Robo nzima ya gunia tuliwapa kuku wa jirani. Mwaka uliofuata nilinunua ile mifuko isiyopitisha hewa, watu wanaiita kinga njaa, nikafunga kwa kamba ya mpira, na Februari tulikuwa tunasaga dona letu wenyewe.

Na kile kidumu cha mafuta? Nilikinunua baada ya ile Jumamosi ya bomba la sindano, kwa mbwembwe. Kwa lita nne kwa mwezi kingetupeleka siku 37. Kilikwisha siku ya 27. Hakuna aliyeiba. Mafuta yakiwa kwenye chupa ndogo mkono unajizuia, yakiwa kwenye kidumu kilichojaa mtu anakaanga hata kile ambacho angechemsha, na jirani anayeomba kijiko humnyimi, utamwambiaje na kidumu kinaonekana? Siku kumi zilizopotea zilikula faida yote na ziada kidogo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mafuta ya jero, pamoja na riba yake, yana breki ambayo mimi nilikuwa nainunua bila kujua. Mume wangu ndiye aliyepata dawa. Alikusanya chupa kumi za maji za nusu lita, akazijaza kutoka kwenye kidumu, tisa akazifungia kabatini, moja ikabaki jikoni. Ikiisha, unaomba nyingine, na ufunguo anao yeye. Watoto walianza kumwita Mangi. Cha pili kilifika siku 39.

Lakini gunia na kidumu ni vidogo ukivilinganisha na kodi. Mwaka jana mwezi Novemba nilikwenda kwa mama mwenye nyumba nikiwa nimejiandaa na hoja zangu zote. Nilitaka kuihamisha kodi kutoka Januari na Julai kwenda Machi na Septemba, miezi ambayo kwetu ina nafasi. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta.

"Mwanangu," akasema, "we unadhani mimi Januari nakula nini? Yule wa mwisho yuko bweni. Ada yake ya muhula wa kwanza ndiyo hiyo kodi yako."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemfikiria miaka yote kama mlango ambao pesa inaingia na kukaa, kumbe ni njia tu, na mbele yake kuna mhasibu wa shule anayetaka mkupuo, ambaye bila shaka naye ana mtu wa unga na mtu wa kuni wanaomsubiri Januari. Tulikaa pale karibu saa nzima tukichambua mawe kwenye mchele wake. Mwisho akakubali miezi mitatu mitatu, mara nne kwa mwaka. Shule yenyewe ingempokelea ada kwa awamu mbili, akasema, ila ile ya kwanza haina mjadala.

Nilipofika nyumbani nilifungua kaunta buku, nikakata Sh480,000 ya Januari na kuandika Sh240,000. Pembeni yake nikaweka kwa kalamu nyekundu: kabla ya tarehe 5, mtoto wa mama mwenye nyumba anarudi shule.